Mengineyo

Napiga simu kuuliza habari za simu.
Tampere, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama reli,
saa tisa alasiri na jua limeshafunga duka.
Dodoso lina maswali kumi na mawili.
La saba ndilo linalotulipa mshahara:
Kwa nini ulihama?
Visanduku vinne: bei, kamera, programu, betri.
Cha tano, chembamba, kimeandikwa mengineyo.

Bwana Lahdelma wa Kemi, fundi wa mabomba, ana haraka.
"Bei," anasema. Natia alama. Lakini hakati.
"Bei, ndiyo. Ila binti yangu yuko Oulu,
kuna kundi la familia, picha za mtoto zinapita humo,
na mimi kwenye simu yangu ya zamani
nilikuwa napata ujumbe kwamba nimetumiwa ujumbe."
Navitazama visanduku vyangu.
Mjukuu si kamera.
Mjukuu si programu, ingawa ndimo anamokuja.

Bi Hilkka Ojanperä, miaka themanini na mmoja, hakuhama.
Amekaa na ile ile, kioo kimechanika
kama barafu ya mwezi wa nne,
maana sauti ya marehemu mumewe imo,
sekunde kumi na moja, anamwambia asisahau maziwa,
na kijana wa dukani hakuweza kuivusha
kutoka mfumo huu kwenda ule.
Mwongozo wangu una jina la jambo hili:
uaminifu kwa chapa.
Natia alama. Mkono unanisuta.

Huko Espoo msichana kapokea simu ya mama yake.
Umri hauruhusiwi, nilipaswa kukata.
Alisema darasani kwao ujumbe una rangi mbili,
na mwenye rangi ya pili hujua sherehe ikishapita.
"Si kwa ubaya," alisema. "Tunasahau tu."

Baba yangu alifunga vitufe kiwandani Salo,
miaka kumi na tisa, zamu ya usiku.
Simu zake zilianguka ngazini zikaendelea kuongea,
zilisahau chaja wiki nzima.
Chema chajiuza, aliamini hivyo.
Wageni wakaja na kioo kitupu, laini kama sahani.
Baba akacheka: "Watabonyeza nini?"
Wakabonyeza. Dunia nzima ikabonyeza.

Jioni moja alirudi na fumbo la mkutanoni, akalitoa mezani:
waandishi wa programu hawaji kwetu kwa kuwa hatuna watu,
watu hawaji kwa kuwa hatuna programu.
Benki imekataa. Mabasi yamekataa.
Penye wengi pana mengi, sawa,
na penye wachache, nani aanze?
Mama akasema, kula, viazi vinapoa.

Baada ya hapo kila robo mwaka alifungua gazeti
kwenye jedwali la asilimia, kidole kikishuka,
na kila mara kikishuka zaidi.
Nilikuwa na miaka kumi na sita siku jina lilipokosekana.
Mistari miwili minene ilikuwa imekula ukurasa.
Chini kabisa, herufi za kutafuta kwa miwani:
Mengineyo, mbili nukta moja.
Kidole kikatulia hapo.
"Tupo," akasema.

Leo Riikka-Maija, msimamizi wetu, amepita na kikombe chake.
Kisanduku cha tano kitaondolewa, anasema.
Hakuna mteja anayekisoma, kinakula nafasi,
na majibu yake hayajumlishiki.
Kweli. Nimejaribu kuyajumlisha.

Treni ya Turku imepita, dirisha limetetemeka.
Kabla sijazima mashine
nilirudi kwa Bi Hilkka, nikafuta alama yangu,
na kwenye kile chembamba
nikaandika: maziwa.