Shimo la Nne, Tumbe

Mita mbili kwa mbili.
Vigingi vinne, uzi wa waashi, pima maji yenye ufa,
na katikati muhogo wa Bi Time
tuliomlipa shina kwa shina kabla ya kugusa ardhi.
"Shahada ya pili," alisema, akihesabu noti,
"na bado mnakuja kufundishwa kuchimba?"

Ndiyo, Bi Time.
Tunafundishwa kupiga magoti juu ya gunia
na kukwangua, si kuchimba, kukwangua,
mwiko umelala ubapa, mkono ukijivuta kwako
kama anayekomba ukoko kwenye sufuria ya kuazima.

Siku ya tatu nilitenda dhambi.
Kigae kilichungulia ukutani mwa shimo,
mdomo wa chungu, pembetatu zimechorwa shingoni kwa ncha ya kijiti.
Nikakivuta. Kikatoka kirahisi kama jino la mtoto.
Nikakiinua, natabasamu.
Dokta Mayasa hakufoka. Aliuliza tu:
"Kilikuwa kimelalaje? Kimeelekea wapi?
Juu ya mkaa, au chini yake?"
Sikujua.
"Basi umeshika changarawe yenye mapambo,"
akasema, akaenda kwa Shaame aliyekuwa akipima kimo cha tabaka.

Usiku ule, katika skuli tuliyoazimwa,
niliosha vigae mia na arubaini kwa mswaki,
kila kimoja nikakiuliza ulilalaje,
kila kimoja kikaninyamazia, na kilikuwa na haki.

Kumbe hata rangi zina kitabu.
Unalowesha bonge la udongo, unalilinganisha na ukurasa,
unasema: hudhurungi. Nyamizi anasema: hudhurungi iliyokoza.
Mnabishana, wingu linapita,
mnaanza upya.

Siku ya kumi na moja tukaliona.
Si kitu. Doa.
Duara jeusi kidogo ndani ya udongo mwekundu,
upana wa kiganja na vidole viwili.
Mtu alisimamisha nguzo hapa, akashindilia kwa kisigino.
Mti ukaoza, nyumba ikaondoka,
shimo likabaki, limejaa udongo wa baadaye.
"Andika *huenda*," alisema Dokta Mayasa.
"Andika *huenda* mpaka upate la pili."
La pili tulilipata kwa mita moja na sentimita ishirini.
La tatu lilianza, likaingia chini ya ukuta
upande wa migomba, ambako hatukuwa na ruhusa.

Bi Time alikuja na birika la chai ya tangawizi,
akausoma mkeka wetu wa vigae kama anayechagua dagaa.
"Huu mmeuandikaje?"
Nyamizi akasoma: sahani bapa, matumizi hayajulikani.
"Hayajulikani na nani? Waya huo. Wa kuchomea mkate.
Penye masizi ndiyo chini. Mmeuchora miguu juu."
Nyamizi akatafuta kifutio.
Kwenye safu ya chanzo cha taarifa
tukaandika: Time binti Faki, mwenye shamba.

Na kifungo. Shaame alikikuta kwenye chekeche, cha buluu.
Nikashika shati langu: cha pili kutoka juu.
"Nirudishie."
"Kimetoka tabaka la kwanza," akasema, bila kucheka,
na mkono wake ukaandika:
plastiki, matundu manne, namba mia na kumi na nane.
Kiko ndani ya mfuko, kimefungwa, kimetiwa saini.

Siku ya kufukia, udongo haukutosha.
Haujawahi kutosha, walituambia, hata ukirudisha wote.
Bi Time alisimama ukingoni, mbegu za muhogo kwapani.
"Haya, mmepata nini?"
Nikataka kusema karne, biashara, makazi.
"Mashimo mawili," nikasema.
"Mmechimba shimo, mkapata mashimo."
Alicheka mpaka mtandio ukamdondoka.
Kisha: "Na la tatu?"
"Liko chini ya migomba yako."
Akaitazama migomba, mmoja mmoja.
"Njooni ikishazaa."