Kisigino Kwanza

Jumamosi jioni, Wolverhampton, tumefungwa viti sita
mbele ya televisheni moja yenye mstari wa kijani pembeni.
Damu yangu inatoka, inazunguka, inarudi ikiwa safi;
imeshacheza duru zake kabla bendi haijaanza.

"Yule si mchezaji, yule ni kabati linalohamishwa,"
asema Doreen, blanketi hadi kidevuni.
Anamsema mlinda lango mstaafu, mtoto wa Bilston hapo jirani,
aliyekwama katikati ya tango kama mtu aliyesahau funguo.
Harbhajan hakubali. Miaka thelathini amemimina chuma kiwandani,
anajua, asema, kitu kizito kikienda sawasawa.
"Tazama mabega! Mabega hayatikisiki!"
"Hayatikisiki kwa kuwa yamekufa."

Joyline, muuguzi wetu, apita na mkasi na plasta.
Yeye yuko na mtangaza hali ya hewa, yule wa gauni la bizari.
"Huyo ndiye pekee anayesikia muziki. Wengine wanahesabu."
Na kweli midomo yao inaonekana: moja, mbili, tatu, moja, mbili,
kama watoto wa chuoni wasiojua aya inakokwenda.

Mimi nimenyamaza. Wananijua: nikinyamaza nina neno.
Baba yangu alikuwa mtu wa dansi, Tanga,
tai ya kipepeo, viatu vya kuazima, walsi na foksitroti
juu ya sakafu iliyosuguliwa kwa nta ya mishumaa.
Klabu kwa klabu walishindana, hakuna aliyeinua kibao cha namba;
aliyeshindwa alijua Jumatatu, sokoni, kwa vicheko.
Alinifundisha jikoni, mama akipepeta mchele:
kisigino kwanza, mwanangu,
kisigino ndicho kinachobisha hodi,
vidole ni wageni tu, vitafuata.

Kwa hiyo nasema: mtangaza hali ya hewa anatanguliza vidole.
Lo! Nimechokoza nyuki.
Joyline ananitazama kama amenifuma na chupa nzima ya maji.
Winsome, ambaye husinzia tangu sindano ya kwanza, afumbua jicho moja:
"Na yule jaji wa miwani, hana mama?"
Hapo tunaafikiana, mara ya kwanza tangu Septemba.
Hana mama.

Inafika saa ya kura.
Mkono wenye sindano haturuhusiwi kuusogeza,
kwa hiyo kila mtu anapekua simu kwa mkono mmoja, kama mwizi mvivu.
"Mcheza kwao hutunzwa," nawaambia, nawafafanulia,
na Harbhajan asema hata kwao upo msemo wa namna hiyo,
ila haukumbuki.
Doreen aniita kwa kidole. Miwani iko mkobani, mkoba uko chini.
"Nipigie wewe," anong'ona, na anitajia namba
ya lile kabati.
"Usimwambie Harbhajan. Goti lile, umeona anavyolificha?
Ken wangu alilificha hivyo hivyo, siku ya harusi yetu."
Napiga. Kisha, kwa kuwa kidole kimeshafika huko,
nampigia na mtangaza hali ya hewa,
na vidole vyake vyote kumi.
Alicheka alipokosea. Baba angemsamehe.

Mashine inalia: Harbhajan amekunja mkono akishangilia.
Joyline anamgombeza kwa Kishona, kilugha kinachoeleweka na wote.

Saa nne na robo nafunguliwa.
Pamba, plasta, dakika kumi za kubana.
Halafu hatua saba hadi kwenye mizani,
na miguu, baada ya saa nne kitini, ni ya mtu mwingine.
Lakini Doreen anatazama. Harbhajan anatazama.
Televisheni imezimwa sauti.
Natanguliza kisigino.

Mizani yasema sitini na nane nukta mbili.
Harbhajan ainua karatasi ya chakula cha Jumanne, nyuma ameandika tisa.
"Saba," asema Doreen. "Mabega."