Udongo, Mbili, Tatu

Sudi alirudi kazini na katoni ya tambi kwapani,
kaitoboa matundu kwa bisibisi.
Mzungu kafunga nyumba, kasema, kenda kwao;
kuku kapewa mlinzi, jike la mbwa kapewa jirani,
na wale watano waliozaliwa chini ya jenereta
hawakupewa mtu.

Mama mkwe alikuwa juu ya msala, anavuta uradi.
Hakugeuka. Tasbihi ndiyo iliyosimama.
"Mtoto wa mbwa," akasema,
na kwa mara ya kwanza nyumbani mwetu
neno hilo halikuwa tusi, ingawa lilikaribia.
"Malaika hawaingii nyumba yenye hicho."
"Kitakaa uani, mama."
"Ua si nyumba?"
"Na mbuzi wetu walioibwa Rajabu,
waliibwa nyumbani au uani?"
Wakabishana nyumba inakwishia wapi
mpaka uji wangu ukaungua,

na muda wote huo Lali, miaka mitatu na nusu,
kashatia mkono katonini hadi begani,
ananyonywa vidole,
anacheka kicheko cha tumboni
kama maji yanayoshuka ndani ya mtungi mtupu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu alipewa mbuzi wawili na jogoo
siku ile ile, aanze kazi.
Usiku alilia kama bawaba isiyo na mafuta.
Mbuzi mkubwa akamwendea, akamnusa,
mmoja wao akaona haya, sijui yupi.

Lali alimwita Tambi, kwa ile picha ya katoni.
Mama mkwe alimwita Huyo.
Huyo kalalia ndara zangu.
Huyo kubweka kwenyewe hajui.

Sheria ya nyumba ilitoka hapo hapo, kwa mdomo:
kila ulimi ukigusa ngozi, mara saba,
na ya kwanza kwa udongo.
Wao waliwaza najisi. Mimi niliwaza maji.
Bomba letu hapa Muyeye huja Jumanne, likipenda;
siku nyingine ni madumu ya mkokoteni, kwa fedha taslimu,
na ulimi wa Tambi hauijui Jumanne.

Nikaweka kopo la udongo kando ya birika.
Jioni, wakishamaliza shughuli zao
(kuchimba, kuvutana kitambaa, kulala
pua ya mmoja sikioni mwa mwenziwe)
Lali hunyoosha mikono, nami namimina,
naye anahesabu kwa sauti ya muadhini:
udongo, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba.

Mwalimu Kadzo wa chekechea aliniita.
"Mama Lali, mtoto ana akili, lakini moja haijui."
Alimpa vizibo kumi vya soda avihesabu.
Kizibo cha kwanza: udongo.
Alipofika saba akajifuta mikono kwenye shati,
akaenda zake kukaa.

Nilimhadithia mama mkwe. Hakucheka.
Alivuta mtandio usoni, na mtandio ukatikisika.

Jana nimetoka sokoni, mlango wa ua u wazi.
Bibi kaketi juu ya mbuzi,
ile ya kukunia nazi, si yule wa kulindwa,
mikono kaitanua mbele kama ya mtu mwingine.
Machicha yametapakaa. Huyo yuko pembeni,
masharubu meupe, anajilamba bila ya toba.
Na Lali kalikumbatia birika kubwa kuliko kifua chake,
anamwamuru mama wa baba yake:
"Udongo."
Akasugua.
"Mbili."
Nilibaki mlangoni na kikapu changu.
Maji yalimwagika zaidi miguuni kuliko mikononi,
nusu dumu zima, nami nikanyamaza.

Walifika saba. Lali akalitua birika.
Bibi hakuirudisha mikono, inachuruzika,
anaitazama.
"Hebu sema tena," akamwambia.
"Ile ya kwanza umeisemaje?"