Athi

Probox ya Mwadime imerudi kutoka kwa fundi bodi wa Magongo
iking'aa kuliko siku iliponunuliwa.
Fenda imenyooshwa, bampa jipya, rangi nyeupe pepepe.
"Mwili umepona," asema, "ila ina jini."

Haya, tumwone huyo jini.
Nawasha indiketa ya kushoto: waipa zinainua kichwa, zinalala.
Nawasha taa kubwa: ya kulia kali,
ya kushoto kibatari kinachoomba mafuta,
na honi, ambayo hakuna aliyeigusa, yajikohoza.

Mishi, mwanagenzi wangu, keshashika fyuzi mpya tatu.
Weka chini, namwambia.
Fyuzi ikiungua usiizomee, imekufa kwa niaba ya nyumba nzima.
Uliza kwanza nani kaiua.

Betri, kumi na mbili nukta sita. Sawa.
Altaneta, kumi na nne. Sawa.
Nafuata waya kama mtu afuatavyo uvumi mtaani,
mlango kwa mlango, hadi kwa aliyeuanza.

Nyuma ya taa ya kushoto, palepale lori la kontena lilipoingia
siku ile Kibarani,
naikuta bolti ya athi. Imekazwa vizuri,
juu ya rangi.
Rangi nene, nzuri. Umeme hauna habari na uzuri.
Umeme ukitumwa sharti urudi kwao.
Ukizibiwa njia hukatiza ua wa jirani,
hupita jikoni kwa honi, chumbani kwa waipa,
na kila unakopita watu hushtuka
wakasema nyumba ina jini.

Spana namba kumi. Msasa.
Naikwangua rangi ya watu, ya elfu kumi na nane,
hadi chuma kitupu. Mwadime afumba macho.
Grisi kidogo, maana hewa ya hapa
ina chumvi kuliko mchuzi wa mama mkwe.

Indiketa: tik, tik, tik. Waipa kimya.

"Ingia, Mwadime, kanyaga breki, nitazame nyuma."
Anaingia. Kwanza anakiangalia kiti cha kushoto,
kitambaa kipya, bado kina nailoni.
Kisha taa zote tatu, nyekundu,
hadi kwenye mabati ya kibanda cha jirani.
"Barabara! Achia."

Haachii.

"Achia, Mwadime."

Mishi ananitazama. Namwashiria asubiri.
Ndani ya gari lililozimwa, saa saba ya mchana,
mtu amekanyaga breki kwa nguvu zake zote,
wiki sita amechelewa.