Shilingi Mia Tano kwa Herufi

Fupi, alisema Bwana Kimaryo, fupi,
mtu aisome huku amebeba gunia.
Mimi nalipwa kwa herufi, mia tano kila moja,
rangi yangu, ngazi ya kuazima Pasua.
Ufupi wake ni unga wangu unaopungua.

Ghala la kahawa, nyuma ya reli, Moshi.
Mwezi wa saba, baridi imeshuka mlimani
imeingia kwenye brashi, rangi inagoma kutiririka.
Nikaanza na ile aliyoipenda mwenyewe:
USALAMA KWANZA.
Herufi kumi na tatu. Elfu sita na mia tano.
Makuli wakapita chini yake
kama watu wapitavyo chini ya waya wa umeme.

Saa nne, kwenye chai, Namkunda wa kuchambua buni
akaniuliza kama nimeviona vidole vya Eliufoo.
Nikavihesabu alipopokea kikombe:
vitatu mkono wa kulia, na cha nne nusu.
Mkanda wa mashine, akasema, haukumwomba ruhusa.
Nikapanda ngazi bila kumuuliza meneja:
KIDOLE HAKIOTI.
Kumi na tatu pia. Bei ile ile.
Kuli wa kwanza kupita akasimama,
akautazama mkono wake kama kitu alichokopeshwa.

Basi nao wakaanza kunirushia zao,
mmoja yuko juu ya lori, mwingine anapaza sauti kutoka chooni:
GUNIA HALINA MACHO.
HARAKA INA WODI YAKE.
INUA KWA MAGOTI, MGONGO NI WA UZEENI.
Hiyo ndefu, meneja akaguna, lakini akailipa.
Na juu ya kofia ngumu saba
zinazoning'inia ukutani na vumbi la mwaka juzi:
MSUMARI HAUUMWI KICHWA.
Wakacheka mpaka dereva wa foklifti akazima injini.
Kesho yake kofia mbili hazikuwepo pale.
Mbili. Sisemi saba.

Kulikuwa na ukuta mmoja, wa mashariki, wanaouita Za.
"Panga kule Za." "Funguo nimeziacha Za."
Nikadhani ni neno la kwao, la Upareni pengine.
Ijumaa lori la Tanga likaja, magunia yakatoka,
na nyuma yake, kwa rangi ya bluu,
mkono wa fundi aliyenitangulia:
USALAMA KWANZA.
Miaka yote shehena ilipanda hadi kwenye bati,
ikayameza maneno, ikawaachia mkia.

Za ndipo Mbonea alipoangukiwa,
magunia kumi na moja, kilo sitini kila moja,
amesimama tu, anamsubiri karani amalize kuhesabu.

Hapo hakuna aliyenirushia kitu.
Namkunda aliokota punje moja sakafuni,
akaigeuzageuza, akaitia mfukoni.

Nikachovya brashi pana kwenye nyekundu.
Sikuandika neno. Nilivuta mstari
kutoka mlangoni hadi kona,
usawa wa kidevu cha mtu mrefu,
palepale gunia la saba linapoishia.
Brashi ilikwaruza bluu ya yule fundi
na sikumwonea vibaya; herufi zake zilikuwa nzuri,
nzuri kuliko zangu.

Jioni Bwana Kimaryo alikuja na daftari.
Akautazama mstari, akanitazama mimi.
Na hii ina herufi ngapi?

Moja, nikamwambia. Ni I.
Imelala.

Kalamu ilichelewa kidogo.
Kisha akaandika mia tano.