Toa Thelathini na Mbili

Usiku wa manane, Vingunguti, umeme umekatika.
Shangazi Mwasiti ameshika kipimajoto cha shemeji,
kile alichokuja nacho kutoka Marekani pamoja na soksi.
Anakimulika kwa tochi ya simu, anasoma kwa sauti:
"Mia na mbili."
Kisha kimya. Kisha:
"Mwanangu, maji huchemka mia.
Mimi nimepita."

Sikucheka. Nilitaka, lakini sikucheka.
Nikatafuta kalamu, nikapata risiti ya gesi ya friji,
na mgongoni mwa risiti nikamsikia Fundi Shomvi
kana kwamba bado tuko Gerezani, juani,
kati ya majokofu yaliyolazwa chali,
geji mbili zikimning'inia shingoni, ya buluu na nyekundu:
"Toa thelathini na mbili. Zidisha tano. Gawa kwa tisa.
Ole wako ugawe kabla hujatoa,
utaniulia friji la watu."

Mia na mbili, toa thelathini na mbili: sabini.
Mara tano: mia tatu na hamsini.
Kwa tisa: thelathini na nane, nukta nane, nane, nane,
zile nane haziishi, zinafuatana kama sisimizi ukutani.
Nikazikata kwa ukucha.
"Homa tu, shangazi. Thelathini na tisa kasoro. Hujachemka."
Akanitazama.
"Umetoa kwenye karatasi," akasema.
"Mwilini mbona hukutoa?"

Alfajiri tukaenda zahanati.
Nesi akamfunga kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akasikiliza.
Mia na sitini. "Presha iko juu, mama."
Juu ya nini? Milimita za zebaki.
Sisi Gerezani zebaki hatuijui, tunajua paundi na baa.
("Baa hii si ya bia," alituambia Fundi siku ya kwanza,
"wala si baa la nzige.
Baa moja, paundi kumi na nne na nusu. Shika hapo."
Na tena: gesi hii ikisoma paundi thelathini,
ujue kule ndani baridi imefika karibu digrii mbili;
presha na joto ni mtu na kivuli chake.)
Basi nami, kwenye benchi, risiti ileile, nikageuza:
moyo wa shangazi unasukuma paundi tatu.
Tatu na chembe!
Tairi la bajaji hapo nje linadai thelathini.
Moyo uliolea watoto sita, wala hakuna aliyemzaa,
ungeletwa kwetu karakana
ningesema gesi imevuja, niongezee.
Nesi anasema ipunguzwe.

Geji ikilala mezani, haijafungwa popote,
mshale hukaa kwenye sifuri.
Fundi alikuwa akiigonga kioo kwa bisibisi:
"Sifuri hii ina adabu tu. Msiiamini.
Hewa ya jiji zima imeikalia, na yenyewe inasema hakuna kitu.
Ukitaka ukweli wake,
jumlisha kumi na nne na nukta saba."

Nesi akachukua kadi, akauliza: "Unajisikiaje, mama? Tangu lini?"

"Aa, hamna kitu," akasema shangazi,
akivuta kanga yake begani,
na mimi, kalamu mkononi,
nikaanza kujumlisha.