Hatua Kumi na Mbili

Sirtoi, ulinitania mpaka chai ikaota utando:
"Upinde wa nini, na bunduki ya bwana ipo?"
Ukakipapasa kile chuma kama anayempapasa ndama,
kitako kinang'aa mafuta, mtutu umenyooka
kutoka ukingo huu wa Nessuit hadi ukingo ule.
Sikukujibu. Siku hizo sikuwa na maneno,
nilikuwa na ugwe wa mshipa wa ng'ombe
na jivu ndani ya kibuyu kidogo, shingoni.

Leo nakujibu, miaka hamsini imepita,
na masikio yako yamekwenda na baruti.
Basi utasoma.

Bunduki yako niliwahi kuishika, usisahau.
Tulilala kifudifudi kilimani,
ukanong'ona: funga jicho moja, tua pumzi, bana.
Nikabana. Ng'ambo ya bonde kitu cha hudhurungi
kikaketi, kama mtu aliyekumbuka jambo.
Mlio ulinifikia kabla ya maana.
Tulipovuka mto, nusu saa nzima ya kuvuka,
tukamkuta pongo jike, chuchu zimejaa maziwa.
Kutoka kule ningejuaje?
Nilikuwa nimeua rangi tu, Sirtoi,
rangi iliyosogea majanini.

Upinde haukubali ujinga wa namna hiyo.
Upinde unasema: njoo.
Njoo mpaka ujue ni dume au jike,
sikio lipi limechanika, kupe kang'ang'ania wapi.
Unapukuta jivu, unatazama linakoelekea,
unazunguka; asubuhi yote unazunguka,
kikohozi unakimeza,
siafu wanakupanda mguuni na huwapigi.
Mara tano kati ya sita unarudi na uyoga.
Mjomba Mosonik hakuita huko kukosa.
Aliita kusalimia.

Nakubali, usinikatize:
mshale nao una deni lake.
Yule dume wa masika ya sabini na mbili,
nilimpata nyuma kidogo ya moyo, kwa kiburi changu,
nikafuata damu tone kwa tone, jani kwa jani,
tangu umande mpaka taa za Elburgon zikawaka.
Kila tone lilinitaja jina.
Risasi yako ingemmaliza papo hapo; kweli.
Lakini usiku ule ningelala usingizi,
na sikustahili kulala.

Sasa soma nililokuficha.
Kwenye mianzi, juu ya Mariashoni, ukungu mzito,
hatua kumi na mbili. Nilizihesabu baadaye.
Ugwe umegusa shavu, mkono wa kushoto umekakamaa.
Akainua kichwa. Madoa meupe ubavuni
kama chokaa iliyomrukia mtu akipaka ukuta.
Ukope wake ulikuwa na tone la maji.
Bunduki, ukishalenga, hukungoja kama mlevi mlangoni,
haina haraka, haina uzito wa kukuuliza kitu.
Upinde hukuuliza kwa bega, kwa kiwiko,
kwa vidole viwili vinavyoanza kufa ganzi:
unamtaka kweli? Unamtaka bado?
Nyumbani unga ulikuwepo. Asali ilikuwepo.
Nikaurudisha ugwe polepole,
kama anayefunga mlango wa chumba
alimolala mtoto.
Akabweka mara moja, unajua wanavyobweka,
mianzi ikamfunika.
Nikaja nikakuambia sikuona kitu.

Kisha sheria ikaja, ikatusawazisha sote,
wenye mitutu na wenye podo.
Sibishani nayo. Msitu wenyewe umepungua
hata pongo angenisikia nikifungua komeo.
Upinde uko juu ya meko, moshi unautunza.
Mwezi ukiandama naushusha, naupaka mafuta,
nauvuta mara moja bila mshale,
nashika hapo shavuni
mpaka bega liniulize.

Silijibu haraka.